Anti, nikisema "I do not know" naonekana nina hasira, nikifupisha mgeni anakesha eapoti

BARUA

Anti shikamoo. Mimi ni binti wa miaka 26, nipo Arusha, nafanya kazi kwenye kampuni moja ya utalii, jina silitaji maana bosi wangu naye anapitapita humu. Kazi yangu ni kuongea na wageni kabla hawajafika, yani simu, imeili, WhatsApp, kupanga siku zao, nani anataka kitanda cha watu wawili, nani hali nyama, mambo kama hayo. Kiingereza nilikipata shule ya kata, tulikuwa na mwalimu mmoja mkali kweli, akikuta umeandika don't kwenye insha anakata maksi afu anakuuliza mbele ya wenzio, hiyo o umeila? Basi nikakua hivyohivyo, I do not, I am, it is, they are, kila kitu kirefu, na nilikuwa najisifia kabisa kwamba ung'eng'e wangu ni msafi.

Shida imeanzia hapa kazini. Kuna kaka mmoja tunakaa naye meza moja, huyo kazi yake kuniigiza. Nikikata simu tu anaanza "I do not know sir, I will ask sir", anasema naongea kama askari anatoa ushahidi mahakamani. Nilikuwa nampuuza maana yeye mwenyewe anasema "I didn't went" na wala hajistukii. Lakini mwezi juzi kuna mama mmoja Muingereza, alivyomaliza safari yake akatuandikia vizuri tu, kasifia dereva, kasifia chakula, afu mwishoni anasema yule dada wa ofisini ni hodari ila kwenye simu alikuwa kama kamkasirikia. Anti sikuwa na hasira hata chembe! Aliniuliza kama kwenye hema kuna mashine ya kukaushia nywele nikamjibu "No, there is not. I do not think so." Ndo hivyo tu.

Nikasema haya, na mimi nafupisha. Nikaangalia video mtandaoni siku tatu, I'll, we're, can't, won't, nikajiona nimeiva. Wiki hiyohiyo akapiga mgeni wa Marekani, ndege yake inatua KIA, eapoti ya Kilimanjaro, Jumapili usiku, anauliza kama tutamfuata. Magari yote yalikuwa Serengeti, nikamwambia "We can't pick you up on Sunday." Akajibu "Great, thank you so much!" Nikashangaa kidogo hii great ni ya nini, nikajua ndo adabu zao. Kumbe kasikia we can. Anti, yule baba alikaa pale KIA masaa mawili na nusu, na mke, na mtoto, na mabegi, kuja mjini ni kilomita kama 50, anapiga simu ya ofisi imefungwa. Nilivyofika asubuhi nimekuta meseji 11.

Sasa bosi kapiga marufuku, kuanzia leo hataki kusikia shoti fomu ofisini, ya mdomo wala ya kuandika. Na juzi kanirudishia imeili kaiprinti kabisa kazungushia peni nyekundu, nilikuwa nimeandika "The lodge has it's own swimming pool" na chini "Your welcome to use it", akasema unaona sasa matokeo ya kufupisha fupisha.

Nifate lipi Anti? Nikiongea kirefu naonekana nina kisirani, nikifupisha watu wanalala eapoti. Au Kiingereza chenyewe ndo sio changu?

Wako,
Binti wa Kirefu, Arusha


ANTI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Na pole na yule baba wa KIA, nimecheka afu nikajisikia vibaya nilipofika kwenye mtoto.

Kabla hatujaenda mbali hebu rudi mstari wa juu uone nilivyokuita. Nimesema mwanangu, sijasema mwana wangu. Na wewe kwenye barua yako umeandika "mbele ya wenzio", hukuandika wenzi wako. Bosi wako mwenyewe ukimkaribisha chakula hasemi nimekwisha kula, anasema nshakula, silabi mbili zimepotea njiani na hakuna mwalimu aliyemkata maksi. Tunakata maneno kutwa nzima, ila kwa Kiswahili hatuoni kwa sababu tumezaliwa ndani yake. Sasa fikiria mtu anaingia sebuleni kwenu anasema "mimi nimekwisha kula, mwana wa shangazi yangu amekwisha kufika". Hajakosea neno hata moja, lakini utamtazama mara mbili, utajiuliza huyu leo kaamkaje.

Ndo alivyojisikia yule mama wa Uingereza. Kwao ile fomu ndefu ipo na ni sahihi kabisa, ila kwenye maongezi wameiwekea kazi yake maalumu, kazi ya kugonga meza. Ukisema "I don't think so" sauti inateleza, not yote imejikunja ndani ya don't. Ukisema "I do not think so" ile not imesimama peke yake katikati ya sentensi kama mlingoti, na sisi Waswahili tulivyozoea kuipa kila silabi haki yake ndo tunaibonyeza zaidi. Masikioni mwake inafika kama "mimi sidhani, na usiniulize tena". Ni kama mama yako anavyokuita. Siku zote anakuita kwa kifupi cha jina lako, siku akikuita majina yote matatu mpaka la babu unajua kabisa kuna sufuria imeungua. Wewe yule mama ulikuwa unamwita majina matatu kila sentensi.

Na niongeze kitu hapohapo, kufupisha peke yake kusingekuokoa kote. "No, there isn't" bado ni kavu. Waingereza wakimnyima mtu kitu wanatanguliza mto kwanza, "I'm afraid there isn't one in the tent", na hiyo afraid haihusiani na kuogopa chochote, ni kama sisi tunavyosema "yani samahani kweli". Hiyo I'm afraid ishike, itakufaa mpaka unastaafu.

Sasa twende KIA maana ndo penye kidonda. Bosi kaona mgeni kakesha akasema kosa ni la shoti fomu zote, kama mtu aliyeumwa na siafu mmoja akachoma shamba. Shoti fomu nyingi hazina shida, mwenye shida kubwa ni mmoja, can't, na hata Waingereza na Wamarekani wenyewe wanapotezana hapo kila siku, mmoja anauliza "sorry, can or can't?" Wewe unafikiri tofauti ya can na can't ipo kwenye ile t ya mwisho. Haipo. Wamarekani wengi hiyo t hawaiachii, wanaizibia kooni tu, haitoki mdomoni. Wanachosikiliza ni uzito. "We can pick you up" can yao inapita kama upepo, inabaki kn, "wi kn PIK yu ap", nguvu yote ipo kwenye pick. Ikiwa ni can't, neno lenyewe linapata uzito na a yake inasikika yote. Sisi lugha yetu maneno yanaishia na vokali, t ikikaa mwishoni ulimi unaitafutia pa kukaa hauoni, ama tunaiongezea i ikawa kanti ama tunaimeza. Wewe uliimeza, na simu ikamalizia kuila. Na ujue mtego upo upande wa pili pia, siku ukisema "Yes, we CAN pick you up" kwa nguvu ili mgeni asikie vizuri, Mmarekani anaweza kusikia can't, akakodi teksi yake, dereva wenu akabaki amesimama na kibao cha jina.

Kwahiyo fanya hivi. Can ya kukubali iseme nyepesi, iharakishe. Can't ya kukataa isome kwa Kiingereza cha Waingereza, kaant, a ndefu kama ya kwenye kaa, Mmarekani ataielewa bila shida. Na kwenye simu, jambo lenye gari au hela au saa, usiliache kwenye neno moja dogo. Mwambie "I'm afraid we won't be able to pick you up on Sunday, there's no car that night." Hapo umekataa mara mbili na sababu umetoa, hata t zote zikimezwa ujumbe unafika. Ukimaliza mtumie WhatsApp mstari mmoja, maana kwenye maandishi t inaonekana. Na akikujibu great kwenye kitu ambacho hakina great, simama hapohapo umuulize kaelewa nini. Ile great ilikuwa inakupigia kengele mwanangu, ukaihesabu adabu.

Won't nayo ina mtego wake kwetu. Sikiliza unavyoitamka, nina uhakika nusu yetu tunasema won't na want sawasawa. "We won't pick you up" ikafika "we want pick you up", mgeni anafurahi mnavyomtaka. Won't ina o inayoelekea kwenye u, wount. Ndo maana nikakushauri uiwekee be able to nyuma, "want be able" haina maana kwa Kiingereza chochote, mgeni atajua tu umesema won't. Na kama unajiuliza will not imegeukaje ikawa won't badala ya willn't, zamani sana huko Uingereza watu wengine walikuwa wanasema wol badala ya will, wol ikafa, mtoto wake wa kukataa akabaki.

Ya peni nyekundu sasa. Hapo bosi ana haki, na mimi nitakuwa upande wake kwa aya moja tu. Hiki kialama, ritifaa, sisi tumekizoea kwenye ng'ombe na ng'ambo na huo ung'eng'e wako, na kwetu kinaonyesha sauti, hakuna herufi iliyopotea hapo. Ndo maana tukija kwenye Kiingereza tunakiona kama urembo tu, tunakibandika panapoonekana patupu. Kwao kwenye shoti fomu ni kaburi, chini yake kuna herufi imezikwa. Don't kuna o, it's kuna i ya is, au wakati mwingine ha ya has, kama "it's been a long day". Kwahiyo ukitaka kuandika it's fukua kwanza, soma kirefu chake. "The lodge has it is own swimming pool", umeona? Haisomeki, basi ni its bila kitu. His haina ritifaa, its naye ni ndugu yake, naye hana. Your welcome fukua hivyohivyo, unataka kusema you are welcome, basi ni you're. They're na their na there, hivyohivyo. Na could've ikitamkwa inasikika kama could of, mpaka wenye lugha yao wanaandika could of, wewe usiwafate.

Ila kabla bosi hajajisifia sana mwambie hivi, Katiba ya Marekani ya mwaka 1787, nenda ibara ya kwanza sehemu ya 10, wameandika it's inspection laws, it's yenye ritifaa kwenye maana ya umiliki, kosa lilelile la bwawa lako la kuogelea. Enzi hizo tahajia ilikuwa haijatulia ndo maana, leo ni kosa, nawe rekebisha, ila usilie. Na hiyo hasira yake dhidi ya vifupisho nayo sio mpya, mwaka 1710 mwandishi Jonathan Swift aliandika gazetini kule London akilalamika watu wanakata maneno wanaharibu lugha. Tokea hapo imepita miaka 300 na kitu, can't ipo, don't ipo, na Waingereza bado wanaelewana. Isipokuwa eapoti.

Mwalimu wako wa shule ya kata simlaumu, na wewe usimlaumu. Alikuwa anakuandaa kwa insha na barua rasmi, na kwenye barua rasmi kirefu ndo penyewe mpaka leo. Kosa lake dogo, hakukwambia kwamba mdomo una sheria nyingine. Tumesoma wengi hivyo, Kiingereza tumekipata ubaoni kabla ya kukisikia masikioni, shule ya msingi Kiswahili, fomu wani unaamka kila somo Kiingereza, mtu utajulia wapi kwamba nyumbani kwao hawaongei kama ubao?

Kwahiyo ofisini gawanya kazi. Imeili ya kumkaribisha mgeni, ya kumuuliza anakula nini, ya kumwambia dereva atavaa fulana gani, humo fupisha, we're looking forward to meeting you, don't forget a warm jacket, inapendeza. Mkataba, ankara, masharti ya kurudisha hela, humo kirefu chote. "Deposits are not refundable", hiyo not unataka isimame kama mlingoti, unataka kabisa mgeni aione, kwahiyo usiikunje. Nenda na hoja hiyo kwa bosi, usimwambie Anti kasema, mwambie vifupisho vitoke kwenye karatasi zenye hela na vibaki kwenye karatasi za kukaribisha watu. Bosi mwenye biashara ataelewa, lile neno la yule mama kwamba mmemkasirikia linaumiza kampuni kama KIA ilivyoumiza, ila kimyakimya.

Nisisahau, kuna moja tunakosea karibu wote. Mgeni anakuuliza "Are you the one I spoke to?" unajibu "Yes, I'm." Hapana. Sentensi ikiishia hapo ya kukubali haikunjwi, sema "Yes, I am", maana uzito wote wa jibu umekaa kwenye am, ukiukunja jibu linaanguka chini. Ya kukataa inakunjwa bila shida, "No, I'm not", "No, we don't". Hiyo ukiijua tu unaonekana umekaa London miaka miwili.

Gonna na wanna na ain't zielewe ukizisikia, wageni wenyewe watazimwaga, ila usiwaandikie. Sio dhambi, ni kama kwenda kumpokea mgeni wa heshima umevaa ndala. Zako ni ndala nzuri, lakini siku ya kwanza?

Na hiyo ya kwamba Kiingereza sio chako sitaki kuisikia tena. Mtu aliyekuwa anaandika kirefu chake sawasawa miaka yote hiyo anajua herufi gani zimezikwa wapi kuliko anayefupisha kwa kusikia tu. Kazi uliyobakiwa nayo ni ya sikio. Jioni ukiwa peke yako chukua meseji za mgeni mmoja, zisome kwa sauti, jirekodi kwenye simu, jisikilize. Mara ya kwanza utajichukia, wote tunajichukia, endelea. Anza na can na can't, sentensi kumi kumi, na mwite mtu asikilize akiwa chumba kingine akwambie kasikia ipi. Akikosea yeye ujue bado wewe.

Huyo kaka wa meza moja siku akianza tena kukuigiza, mwambie did imeshabeba wakati uliopita wote, haihitaji went ya kuisaidia, ni I didn't go. Ila mwambie mkiwa wawili, sio mbele ya bosi, maana bosi naye sina uhakika kama anaijua.